Mzomee Dakika 90, Ila Usimwite Msaliti: Kocha Wenu Akirudi na Wapinzani

Wadau, leo tuongee kiutu uzima kidogo. Najua wapo watakaotoa povu, ila povu la mashabiki tumeshalizoea, kwa hiyo twende moja kwa moja.

Jumanne ya tarehe 30 Septemba 2025, José Mourinho alirudi Stamford Bridge akiwa na Benfica kwenye Ligi ya Mabingwa Ulaya. Chelsea walishinda 1-0 kwa goli la kujifunga la Richard Ríos. Mechi yenyewe haikuwa ya kukunyima usingizi. Kilichonifanya nikae kitako ni mashabiki wa Chelsea. Walimpokea kwa makofi na kuimba jina lake kama vile bado ni wa kwao.

Nikajisemea, hivi hawa si ndo walewale? Maana mtu huyohuyo, kwenye uwanja uleule, tarehe 13 Machi 2017 aliitwa Yuda. Siku hiyo alikuja na Manchester United, robo fainali ya Kombe la FA. N'Golo Kanté akafunga, Chelsea wakapita 1-0, na jukwaa likawa linamporomoshea maneno. Mourinho akawajibu kwa kunyoosha vidole vitatu, yaani makombe matatu ya Ligi Kuu aliyowapa. Baada ya mechi akasema mpaka apatikane kocha wa kuwapa manne, huyo Yuda wao ndiye namba moja.

Na mimi je? Mimi nilikuwa kibanda umiza, Jumatatu usiku inaelekea saa tano, nimevaa bluu, nimesimama juu ya benchi nampigia kelele mtu aliye kwenye televisheni: "Msaliti! Msaliti!" Mishipa ya shingo imenitoka. Kaka yangu alikuwa amekaa pembeni, na yeye Chelsea wa damu, katulia anakula karanga zake. Tulipotoka akaniuliza swali moja tu: "Dogo, ile jezi uliyoililia mwaka 2005 mpaka nikakununulia pale Karume, ilikuwa timu ya kocha gani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuja kulipata baadaye sana, na ndilo ninalotaka tuliongelee leo.

NANI KAMUACHA NANI?

Tuanze na hili neno "msaliti" ambalo tunalitumia kama chumvi, tunatia kila chungu.

Mourinho alifika Chelsea mwaka 2004. Wakati huo klabu ilikuwa haijachukua ubingwa wa ligi tangu mwaka 1955. Msimu wake wa kwanza tu akaubeba, pointi 95, na katika mechi 38 timu ikaruhusu magoli 15. Magoli 15 msimu mzima, jamani! Mwaka 2006 akaubeba tena. Septemba 2007 wakaachana. Mwaka 2013 akarudi, 2015 akawapa ubingwa wa tatu, halafu Desemba 17 mwaka huohuo, timu ikiwa nafasi ya 16, akafungashiwa virago kwa mara ya pili.

Sasa niambie, hapo nani kamuacha nani?

Kiswahili kina neno lake, mtalaka. Mtalaka wako umempa talaka mwenyewe. Umemtolea begi nje, umebadilisha kitasa, umewaambia majirani "sasa napumua." Mwaka unaofuata unamkuta kaolewa nyumba ya tatu, kapendeza, kanenepa, ndo unaanza kupiga kelele barazani kwamba amekusaliti. Majirani wakuhurumie au wakucheke?

Na usidhani ni Mourinho peke yake. Carlo Ancelotti aliwapa Chelsea ligi na Kombe la FA mwaka 2010, mwaka uliofuata akaondolewa. Roberto Di Matteo akawapa Ligi ya Mabingwa Mei 2012, Novemba mwaka huohuo akaambiwa kwaheri. Klabu ikifukuza inaitwa maamuzi ya kiufundi. Kocha akienda kutafuta ugali kwingine unaitwa usaliti. Hesabu hii ameipiga nani?

Hapa kwetu ndo usiseme. Hans van der Pluijm aliwapa Yanga ubingwa msimu wa 2014/15 na wa 2015/16. Baadaye tukamuona Singida United, kisha Azam. Aliyempokea Yanga, George Lwandamina, akachukua ubingwa wa 2016/17, na yeye siku zikasogea tukamkuta Azam. Miguel Gamondi ndiye alikuwa kwenye benchi la Yanga tarehe 5 Novemba 2023, siku ambayo mashabiki wa Simba hawataki itajwe, ile ya 5-1. Akachukua ligi, akaifikisha timu robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Novemba 2024 zikaja mechi mbili mbaya mfululizo, Azam na Tabora United, akaondolewa. Baadaye akaibukia Singida Black Stars, ligi ileile. Wana wa Nairobi nao wanamkumbuka Zdravko Logarušić, "Loga". Alifundisha Gor Mahia, akaja Simba, kisha akarudi Nairobi kwa AFC Leopards, yaani kwa mahasimu wenyewe.

Kocha ni mpangaji. Kodi ikiisha na mwenye nyumba hataki kumuongezea mkataba, atatafuta chumba kingine. Na timu zenye uwezo wa kumlipa unazihesabu kwa vidole, kwa hiyo usishangae chumba chenyewe kikiwa mtaa wa pili.

SAWA, NA ALIYEONDOKA MWENYEWE JE?

Hapa ndo wabishi huwa wananikaba. "Mwandishi, hao uliowataja walifukuzwa. Vipi yule aliyetuacha kwa miguu yake?"

Swali zuri, na mfano wake upo hapahapa Afrika. Pitso Mosimane alitua Mamelodi Sundowns Desemba 2012. Akawapa ubingwa wa ligi mara tano, na mwaka 2016 akawapa Ligi ya Mabingwa Afrika kwa kuwafunga Zamalek. Mwaka 2020, miezi michache tu baada ya kusaini mkataba mpya, akaondoka kwenda Al Ahly. Huyo hakupewa talaka, alibeba begi mwenyewe. Na hakwenda popote tu, alikwenda kwa wakubwa wa Cairo, ambao Sundowns walikuwa wanakutana nao kila mara huko juu. Aprili 2019 Pitso huyuhuyu aliwapiga Al Ahly mabao 5-0 akiwa na Sundowns.

Mei 2021 kapu la robo fainali likawakutanisha. Al Ahly wakashinda 2-0 Cairo, kisha Pitso akarudi Pretoria. Ilikuwa enzi za Korona, mashabiki hawakuruhusiwa kuingia uwanjani, basi wapo waliokusanyika nje na kumsubiri na matusi. Sio utani wa mpira, ni matusi ya nguoni, yale ambayo ukiyasikia mbele ya mama yako unajifanya hujasikia. Sundowns wenyewe ikabidi watoke hadharani kuyalaani. Mechi ikaisha 1-1, Pitso akapita.

Hasira za mashabiki wale nazielewa kabisa. Mtu kasaini jana, leo kaondoka. Mimi pia ningenuna. Ila tuulizane, yale matusi yaliwapa nini? Kombe la 2016 liko palepale kabatini. Nyota ya juu ya nembo ya Sundowns inayowaambia watu kwamba hii klabu ni bingwa wa Afrika, imeshonwa na mikono ya mtu waliyekuwa wanamtukania mzazi.

Halafu angalia kilichotokea mwaka uliofuata. Mwaka 2022 Sundowns na Al Ahly wakapangwa kundi moja. Sundowns wakaenda Cairo wakashinda 1-0. Wakarudi Afrika Kusini wakashinda tena 1-0. Pitso akiwa kwenye benchi, anaangalia. Hilo ndo jibu, wadau. Hakuna tusi lililowahi kumuuma kocha kuliko kufungwa nje ndani na timu aliyoijenga yeye.

MPIRA BILA KUZOMEA SI MPIRA

Sasa naomba nieleweke. Sisemi mwende uwanjani na mashada ya maua. Sisemi mkae kimya kama mko chumba cha mtihani. Wapo watu wanaotaka kutugeuza mashabiki tuwe kama wageni waalikwa, tukae na suti tupige makofi kwa pande zote mbili. Hapana. Mtu kaja na jezi ya wapinzani, kaja kukunyang'anya pointi tatu, mzomee! Akisimama kutoa maelekezo, mzomee. Timu yake ikifungwa, muimbie. Mtungie wimbo. Mkumbushe ile fainali aliyopoteza.

Oktoba 2016 Mourinho alipokuja Stamford Bridge na United kwa mara ya kwanza, Chelsea walimpiga 4-0, Pedro akafunga hata dakika moja haijaisha. Uwanja ukamuimbia kwamba yeye si spesho tena. Ule ulikuwa utamu wa mpira, na hata leo nikikumbuka nacheka. Hakuna aliyevunjiwa heshima pale.

Sisi Watanzania hatuhitaji kufundishwa hili na mtu wa Ulaya, maana tunalo tayari, na jina lake ni utani. Kwani Simba na Yanga tunawaitaje? Watani wa jadi. Hatuwaiti maadui wa jadi. Na wazee wetu utani waliuwekea sheria zake. Mtani anaweza kuja msibani kwako akakucheka, akaiga marehemu alivyokuwa anatembea, akadai alipwe deni ndo kaburi lifukiwe. Watu wanacheka huku machozi yanawatoka. Lakini ni mtani huyohuyo anayeshika jembe kuchimba kaburi. Anakuchokoza kwa sababu ni mtu wako, na hata siku moja hakuombei mabaya.

Kwa hiyo ukiniuliza tumchukulieje kocha wa zamani anayerudi na wapinzani, jibu langu ni hilo. Aliondoka akiwa ndugu, amerudi akiwa mtani. Mpe haki zote za mtani. Mcheke, mchokoze, mkoseshe raha dakika 90. Na wewe ubaki na mipaka ya mtani.

MPAKA UKO WAPI?

Mpaka ni mlango wa nyumba yake.

Rafael Benítez alikuwa mtu wa Liverpool, aliwapa Ligi ya Mabingwa mwaka 2005. Mwaka 2021 majirani zao Everton wakataka kumchukua. Kabla hata hajasaini, likatundikwa bango karibu na eneo analoishi, linamwambia wanajua anapoishi, asisaini. Mpira haujachezwa, kadi haijatolewa, tayari mtu anatishiwa mahali ambapo watoto wake wanalala. Hapo si ushabiki tena. Hapo ni kesi ya polisi.

Na hili kwetu ni zito kuliko huko. Kocha wa kigeni tukimtukana sana, ataondoka na ndege yake, simu atazima, maisha yataendelea. Sasa mfikirie kocha mzawa. Huyu leo yuko timu hii, kesho yuko timu ile, na bado anaishi mtaa uleule. Mkewe ananunua mchicha genge moja na mama yako. Mtoto wake anasoma darasa moja na mdogo wako. Wewe ukiandika mtandaoni "mshenzi huyu, njaa yake imemponza," unaona umemaliza, unaweka simu chaji, unalala. Kesho asubuhi mtoto wa darasa la tano anasomewa yale maneno na wenzake akiwa foleni ya uji. Hajawahi kupanga kikosi hata siku moja, ila yeye ndo anabeba.

Fikiria hilo kidole kikiwa juu ya kitufe cha kutuma.

BASI TUFANYEJE?

Mimi napendekeza hivi, na ni rahisi kuliko inavyoonekana.

Timu zikitoka, jina la kocha likitajwa kwenye spika, mpe makofi. Nusu dakika inatosha. Hayo makofi huyapigi kwa ajili ya timu aliyokuja nayo, unayapiga kwa ajili ya siku zile ulizorudi nyumbani sauti imekauka kwa furaha.

Filimbi ikipulizwa, makofi yameisha. Zomea, imba, piga ngoma, piga vuvuzela mpaka mashavu yaume. Akilalamikia refa, mwambie akae chini. Usirushe chupa, usirushe kitu chochote. Mama yake, dini yake, rangi yake na kabila lake viache nyumbani kwake.

Filimbi ya mwisho ikilia, kama mmeshinda, tamba. Kama mmefungwa, nenda nyumbani. Usimsubiri kwenye basi.

Na kwenye simu yako, usifute picha. Kuna watu kocha akihama tu wanaanza kufuta posti zote walizomsifia, eti "alikuwa wa kawaida tu, timu ilijiendesha yenyewe." Acha uongo. Tulikuona ukilia siku ile ya kombe, video tunazo.

KOCHA NAWE, CHUNGA MDOMO

Haki ina pande mbili, na makocha nao wana la kuambiwa. Mourinho alipokuwa Chelsea aliwahi kusema hawezi kwenda kuifundisha Tottenham kwa sababu anawapenda mno mashabiki wa Chelsea. Novemba 2019 tukamuona huyo, kashika skafu ya Tottenham. Sasa baba, nani alikulazimisha kuahidi? Kocha, ukiwa kwenye fungate na klabu usiape viapo ambavyo mkataba wako hauna. Sema unafurahia kazi, inatosha.

Na ukirudi, usichokoze bila sababu. Vile vidole vitatu vya 2017 alivirudia Oktoba 2018, mechi ya 2-2. Ni kweli makombe aliyachukua. Lakini hakuyachukua peke yake, na waliokuwa wanamlipia tiketi ni haohao waliokuwa wanamtukana. Mtani naye akitaniwa anacheka, hanyooshi vidole.

WAHENGA WALISHAMALIZA

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Machi 2010 Mourinho alikuja Stamford Bridge na Inter Milan, Samuel Eto'o akafunga, Chelsea nje ya Ligi ya Mabingwa. Inter wakaenda mpaka mwisho wakachukua kombe. Ungesema hapo ndo mwisho wa mapenzi. Miaka mitatu baadaye Chelsea wakamrudisha, na akawapa ubingwa. Pluijm naye aliondoka Yanga mwaka 2014, akarudi, na aliporudi ndo akaleta yale makombe mawili mfululizo. Mpira ni mduara. Huyo unayemtupia tusi leo, usishangae kesho kutwa ukampokea uwanja wa ndege na ngoma, jasho linakutoka, unaimba jina lake.

Nirudi kwa kaka yangu. Baada ya ile mechi ya Benfica nilimpigia simu. Nikamwambia, kaka, lile swali lako la 2017 nina jibu. Ile jezi ya Karume haikuwa ya Mourinho wala ya Chelsea. Ilikuwa yangu. Furaha ya kijana mdogo aliyevaa jezi ya mtumba inayomfika magotini, akatamba mtaa mzima kwamba timu yake ni bingwa, ilikuwa yangu. Na kila nilipomwita yule mtu Yuda, nilikuwa naichafua mwenyewe.

Kaka akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza: "Kwa hiyo unayo bado?"

Ninayo. Namba ya mgongoni imebanduka, haisomeki, ila ninayo. Na Mourinho akirudi tena kesho na timu yoyote ile, hata iwe Arsenal, nitapiga makofi nusu dakika, halafu nitapanda juu ya benchi nimzomee mpaka sauti ikauke. Kiroho safi.

Wewe je? Kocha gani wa zamani akirudi na wapinzani unashindwa kabisa kumpigia makofi, na kwa nini? Dondosha maoni hapo chini. Matusi tafadhali yabaki huko huko.